Moshi wa Lori Ukipanda Jukwaani

Wengi mmeniandikia mkitaka yale niliyosema Jumamosi hapa Eldoret mbele ya wenye malori, madereva na mafundi. Nimeyaandika vile nilivyoyasema, nimetoa tu salamu ndefu na utani ambao ungeniletea kesi. Sheria ya uzi wetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukiandika jina huko chini nitalifuta hata kama tunakubaliana. Uzi ni mrefu, weka chai.

*

Chamgei. Hamjambo wazee, akina mama, na nyinyi vijana wa gereji mliokuja na ovaroli za kazi. Msione haya, nyinyi ndio mnaojua haya mambo kuliko wote hapa ndani.

Nimeombwa niongee juu ya moshi wa malori. Kila msimu wa siasa huo moshi hupanda jukwaani mara mbili. Asubuhi, karibu na mahali malori yanaegeshwa, msemaji anasema watu wa ukaguzi wanawanyanyasa wenye magari, mtu amechukua lori kwa mkopo na bado anashikwa kwa sababu ya bomba. Mnapiga makofi. Jioni msemaji yule yule yuko kwa ukumbi wenye viti vilivyovalishwa vitambaa, anaongea juu ya hewa safi na watoto wetu. Nao wanapiga makofi. Sijawahi kusikia, asubuhi wala jioni, mtu akiongea juu ya bomba lenyewe. Limetengenezwa na nani? Nani alisema linafaa gari hili? Kwa nini mwenye lori alilibadilisha? Hayo ndiyo nataka tuongee leo, na nitaanza na aibu yangu.

Nilikuwa na lori la ekseli tatu, eksi-Japani, la kubeba mahindi kutoka Moi's Bridge kwenda Nakuru na wakati mwingine Nairobi. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na linachoka kwa mlima. Mtu akaniambia egzosti ya kampuni ni nyembamba, inaliziba gari pumzi. Akasema weka bomba pana, toa ile sailensa kubwa, weka ile ndogo ya kupitisha moja kwa moja, utaona lori limekuwa mnyama. Nikaenda kwa fundi. Simlaumu huyo fundi, mimi ndiye niliyemwambia nataka nini. Bomba la kampuni lilikuwa na kona tatu za kukwepa vitu vilivyo chini ya chesi. Yeye hakuwa na mashine ya kukunja bomba pana kiasi kile, kwa hivyo alikata vipande akaviunganisha kwa weldi, na mahali pa kona tatu akaweka moja. Nililipa elfu 22. Nikawasha. Jamani, ile sauti! Nilirudi nyumbani nikijiona mwenye kampuni ya usafirishaji.

Wiki ya tatu, saa tisa usiku, tumepita Burnt Forest tukipanda kwenda Timboroa, tumebeba magunia hadi juu, breki zikajishika zenyewe. Lori likasimama katikati ya leni kama limepigiliwa misumari. Wale wa breki za upepo mnajua sababu: hewa ikiisha kwenye mfumo, springi zinafunga magurudumu. Na hewa ilikuwa imeisha kwa sababu bomba langu jipya lilipita karibu sana na paipu ya plastiki ya upepo, na kwa kupanda mlima kwa muda mrefu joto likaiyeyusha. Ukungu wa Timboroa mnaujua. Tanboi wangu akakimbia nyuma na laifuseva, akawa anakata matawi na kuyatupa barabarani huku akipiga kelele. Basi moja la usiku lilituona dakika ya mwisho. Likapinda kulia, kioo chake cha pembeni kikagonga changu, kikakivunja, likaendelea bila kusimama. Tanboi alikuwa amesimama upande ule ule. Bado yuko hai, ana watoto wawili sasa, na kila tukikutana ananiuliza kama nimeongeza bomba lingine.

Na je, lile lori lilipata nguvu? Hapana. Nilikuwa naandika muda kwa daftari. Kabla na baada ya bomba, kutoka Burnt Forest hadi Timboroa na mzigo sawa, tofauti ilikuwa dakika ambazo hata ng'ombe mmoja akivuka barabara angezimaliza. Mafuta yalikuwa yale yale. Moshi ulikuwa ule ule, mweusi tii. Kilichobadilika ni sauti, na sauti inadanganya sikio, unafikiri gari linalonguruma ndilo linalovuta.

Fundi wa pampu, mzee mmoja mtaratibu sana, ndiye aliyenifundisha. Alisema moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma. Ama mafuta yamezidi, ama hewa imepungua. Akafungua filta ya hewa, ilikuwa imejaa vumbi la shamba. Akapima nozo, mbili kati ya sita zilikuwa zinamwaga badala ya kupuliza. Halafu akapitisha mkono kwenye hosi ya intakula, ile inayopeleka hewa kutoka kwa tabo hadi kwenye injini, akapata ufa chini, mahali pasipoonekana. Tabo ilikuwa inasukuma hewa, nusu inatorokea barabarani. Tulipofunga hosi mpya, filta mpya na kurekebisha nozo, moshi ukapungua mpaka tanboi akauliza kama injini imezimika. Mimi nilikuwa nimetibu mdomo wakati ugonjwa uko puani.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimekataza watu kubadilisha egzosti. Bomba huoza. Maji na asidi za moshi huila kutoka ndani, na barabara zetu zinaipiga kutoka nje. Lazima siku moja ununue lingine, na la kampuni bei yake unaijua. Kuna mabomba ya soko yaliyotengenezwa vizuri, chuma kisichoshika kutu haraka, kipenyo kile kile, kona zile zile, brakiti zinakaa mahali pake. Kwa gari lenye tabo, kupunguza kizuizi baada ya tabo kunaweza kusaidia kidogo ikiwa bomba la zamani lilikuwa limebonyea au sailensa imejaa masizi. Lakini ukiweka bomba pana kwa injini ambayo haipati hewa ya kutosha, umenunua kelele. Na kelele nayo ina sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinasema gari lisizidi desibeli 84 likiongeza mwendo. Nani amewahi kupimwa desibeli hapa? Hakuna mkono. Nilijua.

Sasa tuongee juu ya hapa tulipo, kwa sababu siasa nyingi za moshi zinaandikwa na watu waliokaa chini, karibu na bahari. Eldoret iko kama mita 2,100 juu. Timboroa inapita mita 2,700. Hewa ya hapa mjini ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na ukifika Timboroa ni karibu robo. Injini inavuta pumzi ile ile lakini ndani ya pumzi kuna oksijeni kidogo. Tabo inasaidia, haimalizi shida. Kwa hivyo lori lililorekebishwa pampu Mombasa, likawa safi kabisa pale, linaweza kufika kwetu likitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Dereva akisema "huku ni mlima, ofisa" hatoi kisingizio tu, hiyo ni fizikia. Lakini pia si ruhusa. Maana yake ni kwamba mtu anayebeba mzigo huku lazima arekebishiwe pampu na nozo kwa ajili ya huku. Na maana yake nyingine ni kwamba wakati serikali inatafuta maoni kuhusu kiwango cha moshi, mtu wa Eldoret akisimama aseme "mmepimia wapi hiki kiwango?" atakuwa ameuliza swali la maana.

Niende kwa magari mapya kidogo, kwa sababu hapo ndipo mabishano yanaharibika kabisa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka minane. Watu wanaisifu hiyo sheria au wanaitukana, kulingana na mkutano. Tuifuate hadi mwisho. Vichwa vingi vya trela vilivyotumika tumezoea kuvitoa Uingereza kwa sababu usukani uko upande wetu. Ulaya, tangu mwaka 2014, lori jipya zito linalosajiliwa lazima lifikie kiwango cha Euro 6. Piga hesabu: kila kichwa cha trela kinachotoka huko leo kikiwa chini ya miaka minane kinakuja na filta ya masizi ndani ya egzosti, na mfumo wa kupuliza maji ya AdBlue ili kupunguza gesi mbaya. Yaani sheria yetu ya umri imetuletea egzosti za kisasa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Hilo ni jambo zuri. Lakini ni nani alituandaa kuzitunza?

Filta ya masizi ni kama sega la nyuki la udongo mgumu. Moshi unapita kwenye kuta, masizi yanabaki. Ikijaa, gari linapandisha joto la egzosti hadi karibu nyuzi 600 ili kuyachoma masizi yawe majivu. Kwa barabara ndefu inafanya kazi vizuri. Kwa foleni ya mjini, simama-enda, joto halifiki, sega linaziba. Na dizeli yenye salfa nyingi inaharibu mambo haraka zaidi. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na Kenya ilikuwa imezoea 500. Ilikuwa hatua kubwa na haikuimbwa kwa mkutano wowote ninaoukumbuka, labda kwa sababu salfa haina rangi ya chama. Lakini dizeli ya Ulaya imekuwa 10 tangu 2009, na hizi filta zilitengenezewa hiyo 10. Ongeza watu wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Mama anayepikia stovu ndiye aliyeilipa. Tunaweza kubishana kama ilikuwa haki, mimi naona haikuwa, lakini mjue ililenga nini.

Basi filta imeziba, taa nyekundu imewaka, gari limejipunguzia nguvu lenyewe, mzigo unangojewa Malaba. Filta ya kampuni ni pesa ambayo ukiitaja nyumbani watu wanaacha kula. Kuisafisha kitaalamu kunahitaji mashine. Fundi anakuja na jibu la bei nafuu: anafungua lile kopo, anatoa sega lote, anafunga kwa weldi, anapaka rangi, na kijana wa laptopu anaidanganya kompyuta ya gari iamini filta iko. Kwa macho, egzosti ni nzima kabisa. Ofisa akilala chini ya gari na tochi hataona kitu.

Kabla hamjaniangalia kama msaliti, nikumbushe kwamba huu ujanja haukuanzia kwetu. Mwaka 2015 Volkswagen walikamatwa Marekani. Walikuwa wameandika programu inayojua gari likiwa kwenye mashine ya kupimwa, linakuwa malaika, likitoka barabarani linarudia tabia. Magari karibu milioni 11 duniani. Hao walikuwa na mainjinia waliosoma na makoti meupe. Kwa hivyo anayesema uchafu wa moshi ni tabia ya jua kali, mwambie asome. Tofauti ni kwamba kule walishikwa kwa sababu kuna watu walipima gari likiwa barabarani, kwa vifaa, na wakachapisha matokeo.

Na hapo ndipo palipo na kidonda chetu. Sheria tunazo. Kuna Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, gari lisiwe katika hali ya kuhatarisha wengine. Kuna kanuni za ubora wa hewa za 2014. Kuna mamlaka ya usafiri tangu 2012, na lori la biashara linapaswa kwenda kukaguliwa kila mwaka. Kinachokosekana barabarani ni kipimo. Mashine ya kupima uzito wa moshi ipo duniani, unaingiza mrija kwenye bomba, dereva anakanyaga mara kadhaa, namba inatoka. Bila namba, ofisa ana macho yake na dereva ana maneno yake, na katikati ya macho na maneno kuna noti imekunjwa. Wote humu mnajua bei. Moshi usiopimwa unauzwa. Lori lenye moshi mweusi linapita kwa noti, na lori safi lililoonekana vibaya kwa sababu lilikuwa linapanda mlima linalipa noti hiyo hiyo. Sasa kwa nini mtu anunue nozo?

Nani anawajibika? Wengi mmezoea kusikia kiongozi wa hapa akisema hayo ni mambo ya Nairobi, na wa Nairobi akisema kaunti ziko. Katiba haina utata sana. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ukifungua Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti, utakuta udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele umetajwa waziwazi. Viwango, uagizaji wa magari, ukaguzi na polisi wa trafiki ni vya serikali kuu. Kwa hivyo wote wawili wana kipande, na kila mmoja anakuonyesha kipande cha mwenzake. Kaunti haiwezi kubadilisha salfa ya dizeli. Lakini inaweza kuwa na vipima hewa pale Maili Nne, inaweza kupanga malori yaegeshwe wapi, inaweza kujenga eneo la gereji lenye mashine moja ya kukunja bomba na moja ya kusafisha filta ambayo mafundi wanailipia kwa saa. Mimi ningekuwa na kona tatu badala ya moja kama mashine hiyo ingekuwepo. Tumekuwa jiji tangu Agosti 2024, na sherehe ilikuwa nzuri, nilikula nyama kama wengine. Jiji linapimwa pia kwa vitu kama hivi.

Mtu atasema, tumejengewa barabara ya kuzunguka mji kutoka Cheplaskei hadi Maili Tisa, trela hazipiti tena katikati. Ni kweli na ni afueni kubwa. Lakini trela nyingi bado zinakuja mjini kwa mafuta, kwa spea, kwa chakula, na huko zilikohamia pia kuna watu.

Mwaka 2025 ilitoka rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, na umma ukaombwa maoni. Iliyogusa watu zaidi ni kwamba hata gari la binafsi lililozidi miaka minne liingie kwenye ukaguzi. Mitandaoni tuligawanyika mara moja: hii ni kodi iliyovaa ovaroli, wengine wakasema ni usalama. Nilisoma majibu mengi ya watu, na nadhani wengi tulikuwa tunajibu kitu kingine. Tulikuwa tunajibu Julai 2023, VAT ya mafuta ilipotoka 8 hadi 16 kwa mia. Tulikuwa tunajibu Julai 2024, tozo ya barabara ilipotoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mtu aliyelipa hayo yote, ukimwambia alipe na ukaguzi, hasikii neno "hewa". Na kusema ukweli, hana makosa ya kushuku. Lakini kushuku hakukuzuii kuuliza vizuri.

Tunazo kumbukumbu. Mwaka 2004 zilikuja kanuni za spidi gavana na mikanda kwa magari ya abiria. Zilipoanza kusimamiwa kwa dhati, barabara zilitulia, tuliokuwa tunasafiri tunakumbuka. Halafu soko likajaa gavana za kufungwa kwa ajili ya cheti tu, waya mmoja ukiuchomoa gari linaruka. Kanuni ilibaki kwenye karatasi na kifaa kikawa mapambo. Egzosti itaenda njia hiyo hiyo ikiwa tutaanza na faini kabla ya spea. Utaona watu wanakodisha filta ya kupitia ukaguzi, wanairudisha jioni. Mnacheka, lakini kuna mtu humu tayari anapiga hesabu ya biashara.

Mwanasiasa akija kwako na neno moshi, usimuulize kama anapenda mazingira, kila mtu anapenda. Muulize ushuru wa filta ya masizi na nozo ni kiasi gani na atapiga kura gani ukiletwa muswada wa kuupunguza. Muulize kituo cha ukaguzi cha hapa Eldoret kina mashine ngapi za kupima moshi zinazofanya kazi, na kama karatasi utakayopewa itakuwa na namba au itakuwa na muhuri tu. Muulize nani anathibitisha bomba la soko kabla halijafika dukani, kwa sababu sitika kwenye kasha inakuambia bidhaa imeingia nchini, haikuambii kama inafaa injini yako na iko mbali kiasi gani na paipu yako ya upepo. Akikujibu kwa kumtukana mpinzani wake, umejua hajui.

*

Hapo nilikuwa nimemaliza, nikafungua maswali. Nitaweka mawili.

Dereva mmoja wa tanka, wale wanaopakia hapa Eldoret na kwenda Uganda, aliuliza kwa nini sisi tubanwe ilhali malori yetu ni machache ukilinganisha na Ulaya au Uchina. Nilimwambia hiyo hoja ina uzito ukiongea juu ya hali ya hewa ya dunia, na wanaotusemea huko nje waitumie. Lakini masizi ya dizeli hayasafiri mbali kiasi hicho. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, pamoja na vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Wa kwanza kuuvuta ni dereva mwenyewe, hasa akiwa na bomba lililopasuka kabla ya kufika nyuma ya kabini na analala humo injini ikiwa inanguruma kwa sababu ya baridi. Alinyamaza kidogo, akasema kabini yake inanuka moshi tangu Desemba. Fundi mmoja aliyekaa nyuma yake akamwambia alete gari Jumatatu.

La pili halikuwa swali. Mama mmoja anayeuza chai na chapati kando ya barabara ya Uganda alisimama. Alisema amesikiliza wanaume wakiongea juu ya bomba kwa saa nzima, na ameelewa kila mtu ana hasara yake. Akasema yeye hufika pale saa kumi na moja alfajiri, malori yamewashwa yanapashwa moto, na saa tatu akipanguza sufuria kitambaa kinatoka cheusi. "Hicho kitambaa nakifua," akasema, "kifua changu sijui mtanifulia na nini." Akaniuliza, kwa kuwa nimesema kaunti inaweza kuweka kipima hewa, barua inaandikwa kwa nani.

Sikuwa na jibu zuri mfukoni, nikakiri hivyo. Tulikaa naye baada ya mkutano, pamoja na yule kijana wa laptopu, ndiyo, yule yule wa kudanganya kompyuta za magari, na tukaandika ukurasa mmoja. Unaenda kwa karani wa bunge la kaunti kama ombi la mwananchi, na nakala kwa ofisi ya mazingira ya kaunti. Unaomba vitu viwili tu: kipima hewa kimoja Maili Nne, matokeo yake yabandikwe mahali watu wanasoma, na malori yakatazwe kuachwa yakinguruma karibu na vibanda vya chakula kabla ya saa moja asubuhi. Mama aliweka sahihi ya kwanza. Madereva kumi na wanne walifuata, na yule wa tanka alikuwa mmoja wao. Mimi ni wa kumi na sita.

Ombi limepelekwa jana. Likijibiwa nitaweka jibu hapa, na lisipojibiwa nitaweka tarehe tuliyolipeleka. Maswali ya tozo ya mafuta msiyaulize hapa, yatapata uzi wake. Wenye picha za bomba lililopita karibu na paipu ya upepo, niwekeeni hapa chini, lakini futeni namba ya gari kwanza.